Dume Lililo Uani Kwangu Mandewa

Nyie walimu vijana mliobaki pale shuleni hamtaki nipumzike. Tangu tuagwe mnanipigia simu: mwalimu, tuandikie chochote kuhusu kazi, tuandikie mtu anaingiaje kwenye darasa lililojaa wavulana na kutoka akiwa mzima. Haya, nimewaandikia. Ila kama mlitegemea maneno kama yale ya kwenye cheti cha heshima nilichopewa, mtanisamehe. Cheti hicho nimekigeuza, kinatazama ukuta. Mke wangu, Mama Zuhura, akipita anakigeuza watu wakione, nami nikipita nakirudisha.

Nianze na ya ufundi, msije mkasema mzee kazi yake ni kulalamika. Darasa la wavulana usiligeuzie mgongo mpaka mzoeane. Andika ubaoni umesimama upande, bega moja la ubao, jicho moja la kwao. Chaki ivunje kabla ya kuandika, ikiwa nzima inapiga kelele na meno ya watoto yanakufa ganzi. Na jina la utani watakalokupa usiligombanie, maana utalipata tu. Mimi niliyefundisha jiografia waliniita Ikweta kwa ajili ya mkanda wangu, ambao walidai umeigawa dunia nusu kwa nusu. Mwenzangu Mwalimu Elia, wa hesabu, walimwita Kwa Hiyo, kwani hakuna mstari aliouandika bila kulitamka neno hilo. Elia na mimi tulianza kazi pamoja pale, na tumestaafu siku moja.

Tulipoanza, ubao tuliupaka rangi wenyewe kwa betri za redio zilizokwisha, tukazipondaponda na majani ya kunde. Mikono ilikuwa myeusi mpaka Jumapili. Nyie leo mnaingiza alama kwenye mfumo, na mtandao ukikatika mnaizunguka simu kama ndugu waliokuja kumwona mgonjwa. Siwacheki. Mimi mwenyewe simu imenifanyia jambo ambalo ndilo nataka kuwaeleza.

Ufundi wenyewe ulionifikisha huko hautumiki darasani. Unatumika stendi, sokoni, benki, msikitini, kwenye misiba. Unatembea zako, mara anakusimamisha mwanamume mwenye ndevu na kitambi, anainama, "Shikamoo mwalimu. Unanikumbuka?" Nawe umefundisha nusu ya wanaume wa mkoa huu, na alipokuwa kwako hakuwa na ndevu wala kitambi. Utasemaje?

Mkuu wetu wa kwanza, mzee mmoja tuliyemwita Babu hata kabla hajawa na mvi, alinifundisha la kusema. Aliniona siku moja nikimjibu kijana mmoja kwamba simkumbuki, na kijana akaondoka amenywea. Babu akaniita pembeni. "Rajabu," akasema, "mtoto wa watu akikuuliza kama unamkumbuka, hakuulizi. Anakuomba. Mpe."

Tangu hapo nikawa nawapa. Nikawa fundi hasa. Kwanza unapaza sauti, "Nitakusahauje wewe!" Unamshika mkono kwa mikono yako miwili na huuachii. Unamwuliza, "Na wale wenzako wako wapi?" Hapo atakutajia majina, na kwa majina utajua alimaliza lini. Unamwuliza, "Bado uko kule kule?" Atakwambia hapana, sasa yuko Manyoni, au ndiyo, bado yuko Kintinku na mifugo yake. Mwisho unamsifu, "Wewe ulikuwa kichwa bwana!" Wote huwa nawaambia walikuwa vichwa. Kanuni ni moja tu: usitaje jambo mahususi. Ukitaja, umekwisha.

Elia hakuutaka ufundi huo. Yeye akiulizwa anamtazama mtu usoni, anamtazama tena, halafu anasema, "Hapana, sikukumbuki. Kaa hapa unikumbushe." Nilikuwa namgombeza kwelikweli. Nilimwambia anawavunja watoto moyo, roho yake ni kavu kama hesabu zake. Siku moja tulikwenda benki pamoja, na kijana wa dirishani akawa mwanafunzi wetu. Mimi nikapiga kelele zangu za furaha, nikahudumiwa kabla ya watu wote. Elia akasema hamkumbuki, na kijana akatoka nje wakati wa chakula akakaa naye kwenye benchi akimsimulia maisha yake. Nilimsubiri Elia juani mpaka nikakasirika. Njiani nikamcheka.

Sasa niwapeleke kwenye sherehe. Nyie mlikuwapo, lakini mlikuwa mnahangaika na pilau, hamkuona nilichokiona mimi.

Asubuhi, kabla wageni hawajajaa, tulikaa barazani mimi na Elia tumevalishwa suti kama maharusi. Akaja mwanamume mmoja mrefu, mpole, kaongozana na mzee mwenye kofia ya pama. Nyuma yao kulikuwa na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na ndani ya kirikuu dume la ng'ombe limefungwa kamba.

"Shikamooni walimu wangu," yule mwanamume akasema. "Huyu ni baba mkwe wangu, Mzee Isaya. Sijui kama mnanikumbuka."

"Marahaba, mwanangu," Elia akasema. "Sikukumbuki. Kaa unikumbushe."

Mimi nikaruka. "Nitakusahauje wewe!" Nikamshika mikono miwili. Alipocheka nikaona mwanya kwenye meno yake ya mbele, moyoni nikasema, aha, Jumanne! Sikusema kwa sauti. Wakati huohuo mshereheshaji akaniita ndani nikaonyeshwe nitakapokaa, nikawaacha.

Zawadi za kuaga mwalimu hazibebwi hivihivi, zinachezwa. Kila kundi lilitoka mlangoni mwa bwalo na muziki wake, wazazi na madumu ya mafuta ya alizeti kichwani, walimu na godoro, wanafunzi na jogoo aliyekuwa amechoka kuliko sisi. Sisi tunasimama na kuwapokea kwa kucheza. Elia, mnamjua, alicheza bega moja. Mimi nilicheza mpaka mkanda wa Ikweta ukalegea. Kina mama wakatufunga vitenge mabegani, vigelegele vikapigwa, na kusema kweli nililewa sifa. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Ndipo dume likaingizwa. Lilivalishwa maua ya karatasi shingoni, yule mwanamume kashika kamba upande huu, mkwe wake upande ule. Bwalo zima likasimama. Akapewa maiki.

"Sina maneno mengi," akasema. "Dume hili ni la Mwalimu Rajabu. Kuna siku mwalimu huyu aliniambia neno moja ..."

Nikamnyang'anya maiki. Ndiyo, nilimnyang'anya. Nikasema, "Ngoja niwaambie huyu ni nani!" Nikawasimulia habari ya sukari.

Mnaijua, nimewasimulia mara nyingi. Kijana mmoja mwenye mwanya, Jumanne, aliiba sukari ya uji stoo, akaificha ndani ya mto wake wa kulalia. Asubuhi ya ukaguzi naingia bwenini, naona mstari wa sisimizi umetoka dirishani, umepita sakafuni kwa adabu kuliko wanafunzi wenyewe, umepanda kitandani. Nikaufuata. Nikaunyanyua mto, sukari ikamwagika. Nilisimulia yote, nikaigiza mwendo wa sisimizi, nikaigiza na sura ya mwizi. Nikamalizia, "Na leo huyu mwizi wangu wa sukari ameniletea dume!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika meza. Yule mwanamume akanitazama. Nyie ni watu wa huku, mnajua kwamba mtu hamkatizi mzee mbele za watu, sembuse mwalimu wake siku anayoagwa. Akatabasamu, akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mwalimu." Mzee Isaya pekee ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa ameshika kamba na kumtazama mkwewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Sherehe ilipokwisha nikamkuta Elia ofisini akikunja vitenge vyake kimoja kimoja.

"Rajabu," akasema, "yule si Jumanne."

"Ni nani basi?"

"Danieli Ntandu. Alikuwa anakaa dirishani. Hakuiba sukari wala chumvi."

"Mbona hukunizuia?"

"Ulikuwa na maiki."

Nikasema basi, ni utani, watu wamefurahi, yameshapita. Nikaenda kula pilau. Nawaambia bila kuficha kwamba niliila yote na nikaongeza.

Kumbe kuna mtu alirekodi. Video ikaingia kwenye kundi la wanafunzi wa zamani, ikatoka humo ikaenda kwenye makundi ya harusi, ya vikoba, ya kwaya. Hata Zuhura, binti yangu, alirushiwa na mtu asiyejua kuwa mimi ni baba yake. Nikawa naiangalia jioni nikicheka peke yangu jinsi nilivyoigiza sisimizi.

Wiki hiyohiyo Elia akaja Mandewa na bodaboda. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Danieli amenyang'anywa funguo," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba Danieli ndiye mtunza ghala la alizeti la wakulima wa kijiji chao, kule mbele ya Ikungi. Wanachama wameiona ile video. Wamesema mtu aliyeanza na sukari ya watoto hawezi kuachiwa magunia ya watu. Mwenyekiti wa kamati ni mkwe wake mwenyewe, Mzee Isaya, na hakutaka aonekane anampendelea, akamwambia akabidhi funguo mpaka jambo lizungumzwe.

"Hakuwaambia kwamba siye yeye?"

"Amewaambia."

"Sasa?"

"Wakamwuliza, kwa hiyo mwalimu wako mzee ni mwongo? Akanyamaza."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mtu mzima, mwenye mke na mkwe, alikubali kupoteza jina lake ili asiniite mimi mwongo. Na mimi nilikuwa nyumbani nikijitazama kwenye simu.

Kesho yake tukapanda basi mimi na Elia. Njiani nikawa napanga maneno. Nikamwambia Elia nitawaeleza kwamba ni uzee, umri umekwenda, kichwa kimechoka, watanielewa.

"Usiseme uzee," Elia akasema. "Hata ukiwa kijana ulikuwa hivyohivyo."

Sikuongea naye tena mpaka Ikungi.

Tulikuta kamati imekaa mbele ya ghala, wengine kwenye viti, wengine juu ya magunia matupu. Danieli alikuwa amesimama. Nikampa Mzee Isaya shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa wangu, akaitika. Danieli akatupa sisi shikamoo, sauti ileile ya upole, akaniletea kiti. Nilitamani asiniletee.

"Mwalimu, tunakusikiliza," Mzee Isaya akasema.

Nikasema, "Nimekuja kuwaambia kwamba huyu siye aliyeiba sukari. Ni mwingine. Nilichanganya."

"Mwalimu, utusamehe sisi tusiosoma. Siku ile ulisema kwa maiki kwamba unamjua. Ukaeleza mpaka sisimizi. Leo unasema siye. Tushike lipi? Pengine leo umemwonea huruma tu."

Hapo ndipo nilipobanwa. Niliona wazi kwamba hakuna namna ya kumsafisha Danieli na kubaki mimi nikiwa msafi. Nikatazama chini, nikasema, "Mzee, simjui. Siku ile sikumkumbuka, na hata sasa nikimtazama simkumbuki. Niliona mwanya tu."

"Lakini ulipokutana naye barazani ulimwambia utamsahauje."

"Huwa nawaambia hivyo wote."

Mzee mmoja kwenye magunia akaguna. Mzee Isaya akatia mkono mfuko wa koti, akatoa funguo, akampa mkwewe mbele ya wote. "Chukua," akasema. "Tumesikia."

Nikapumua. Nilifikiri safari yangu imekwisha, nikaanza kunyanyuka. Danieli akawa bado amesimama na funguo mkononi, haendi kufungua.

"Mwalimu, naomba kuuliza," akasema.

"Uliza, mwanangu."

"Kuna siku tulikutana pale Ikungi, mnadani. Nilikuwa nimefeli kidato cha nne, nimepata sifuri, nachunga ng'ombe wa mtu. Nilikuona nikataka kujificha, lakini ukawa umeshanikaribia, nikakuamkia. Nikauliza kama unanikumbuka. Ukasema utanisahauje, wewe ulikuwa kichwa bwana. Ulinishika mikono miwili. Mimi sikuwa kichwa, mwalimu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikasema labda yeye aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Nikaenda kurudia mtihani, nikafeli. Nikasema hapana, Mwalimu Rajabu alinijua, hawezi kusema vile bure. Nikarudia tena, nikapata, nikaenda chuo cha ushirika. Ndilo neno nililotaka kulisema siku ile kwenye maiki. Sasa nauliza. Siku ile ya mnada, ulinikumbuka?"

Maneno yalinijaa mdomoni yenyewe. Nitakusahauje wewe! Siku ile ya mnada nilikukumbuka vizuri kabisa! Yalikuwa tayari, hayakuhitaji hata kupangwa. Nikamtazama usoni nikitafuta yale aliyonifundisha Babu, nione kama ananiomba, nimpe. Hakuwa ananiomba. Alikuwa anauliza.

"Sikukukumbuka," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na lile neno la kichwa, huwa nawaambia wote."

Alitikisa kichwa polepole kama mwanafunzi aliyeonyeshwa pale alipokosea hesabu. Mzee Isaya akakohoa, akainuka, akawachukua wenzake wakaenda kutazama alizeti iliyoanikwa, ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa. Elia akageukia barabarani. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nimeshasimama mbele ya wavulana waliotaka kunipiga mawe kwa ajili ya maharage mabovu, na sikuwahi kutamani kukimbia kama nilivyotamani hapo.

Basi nikafanya kile nilichomcheka Elia maisha yote ya kazi. Nikasema, "Kaa hapa, Danieli. Kaa unikumbushe."

Danieli akatazama ghala, kisha akanitazama mimi, bila hasira. "Leo sina nafasi, mwalimu," akasema. "Watu wamesubiri ghala siku zote hizi. Siku nyingine, Mungu akijalia."

Akaenda kufungua. Nikamfuata mpaka mlangoni, nikamwambia basi alichukue dume lake, nitalirudisha kwa kirikuu kwa gharama yangu. Akasema, "Zawadi ya mwalimu hairudishwi." Akaingia ndani.

Nimejaribu kubadilika, vijana wangu, na nawaambia si rahisi kama mnavyodhani. Juzi sokoni kijana mmoja alinisimamisha, shikamoo mwalimu, unanikumbuka? Mdomo ukafunguka peke yake, nikauziba kwa mkono kama mtu anayepiga mwayo. Nikasema, "Sikukumbuki, mwanangu. Nikumbushe." Uso ukamshuka. Akasema ana haraka, akaenda. Nimemweleza Elia, akaniambia wengine huenda na wengine hukaa, na kwamba yeye amezoea. Nikamwuliza mbona hakuniambia hivyo zamani. Akasema aliniambia, ila nilikuwa naongea.

Dume liko uani hapa Mandewa. Limenona, linakula kuliko mimi, na limetafuna mchicha wote wa Mama Zuhura. Kila jirani anayechungulia anasema mwalimu, hongera, hii ndiyo heshima, umepewa na nani? Namtaja kwa jina lake lote, Danieli Ntandu. Wakiuliza alikuwa mwanafunzi wa namna gani, nasema alikuwa anakaa dirishani, na hata hilo nimeambiwa na Elia.

Mama Zuhura anataka kujua litachinjwa lini. Wanangu walitaka liwe la Idi, nikakataa. Nimewaambia litachinjwa siku Danieli atakapopata nafasi ya kuja kukaa. Nimemtumia ujumbe, akajibu kwa adabu kwamba amepokea. Kila asubuhi nalikatia majani na kulitilia maji, kisha natoa viti viwili barazani.

Hajaja bado.